Kumi na Watano wa Ghala la Vitunguu

Jumatatu, 4 Agosti

Afisa wa ubalozi amesema leo kwenye simu kwamba hakumbuki kuniahidi madawati. Hakumbuki! Aliniahidi mwezi wa nne, mbele ya Mwalimu, amesimama mlangoni na leso puani kwa sababu ya harufu ya vitunguu: madawati ishirini, ubao mmoja, chaki za mwaka mzima. Basi nimenunua daftari hili. Kuanzia leo kila atakayefungua mdomo mbele yangu nitamwandika, kwa tarehe na ikibidi kwa saa, ili siku ya kukana tusomeane.

Hesabu ya kuanzia. Chumba: mita tisa kwa tano na nusu, zamani ghala la vitunguu, na vitunguu bado havijakubali kuhama. Watoto: thelathini na mmoja, wa watu wa kwetu wanaofanya kazi ya msimu kwa kampuni. Darasa la mwisho, yaani watahiniwa: kumi na watano. Mwalimu: mmoja, aliyesomea kazi hiyo nyumbani na huku akawa anapakia magunia mpaka nilipomtoa. Mimi: darasa la nne, miaka kumi na tisa ya kuhesabu makreti, sita ya mwisho nikiwa karani mkuu wa ghala. Sikushikwa mkono na mtu. Watoto wananiita Bibi mbele yangu, na nyuma yangu Mama Rula. Najua.

Shule ya serikali ya hapa inataka karatasi ya makazi. Karatasi ya makazi haitolewi kwa mtu wa msimu. Na mtu anaweza kuwa wa msimu miaka kumi na mmoja mfululizo, kama baba wa binti mmoja wa darasa la mwisho tunayemwita Wakili, bado akaitwa wa msimu. Karani wa dirishani alinieleza hayo mara tatu, kila mara akipandisha sauti, kana kwamba shida ni masikio yangu.

Kwa hiyo tunasoma mtaala wa nyumbani, na ubalozi utaleta mtihani tarehe 3 Novemba. Masharti ni mawili. Kituo kiwe na watahiniwa wasiopungua kumi na watano. Na kila mmoja awe amehudhuria asilimia themanini ya siku sitini za muhula, yaani siku arobaini na nane. Kila mtoto basi ana siku kumi na mbili za kukosa. Akikosa ya kumi na tatu anafutwa. Akifutwa mmoja tunabaki kumi na wanne. Tukibaki kumi na wanne hakuna kituo. Na mwakani tisa kati yao umri wa mtihani utakuwa umewapita. Mjukuu wangu yumo katika hao tisa.

Kampuni nayo ina sharti lake kwa kutupa chumba: kila asubuhi, kabla ya saa mbili na nusu, nipeleke getini nakala ya mahudhurio. Wanataka karatasi ya kuonyesha kwamba hakuna mtoto kiwandani. Nikasema sawa. Chumba ni chumba.


Jumanne, 5 Agosti

Wote kumi na watano. Vumbi. Chaki mbili.


Ijumaa, 8 Agosti

Mwalimu aliandika ubaoni: wafanyakazi sita wanavuna shamba kwa siku nne, wanane watalivuna kwa siku ngapi?

Wakili akanyoosha mkono. Huyu ni binti wa miaka kumi na mitatu, mwembamba kama rula yangu, na jina hilo amelipata kwa haki. "Inategemea, Mwalimu."

"Inategemea nini tena?"

"Kama wale wawili walioongezwa ni wageni. Mgeni siku ya kwanza anaharibu kuliko anavyovuna."

"Jibu ni siku tatu, Wakili."

"Tatu za ubaoni, nakubali."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka akashindwa kujizuia. Katika kumi na watano, huyu ndiye atakayetutoa kimasomaso. Baba yake ni mtu wa maneno matatu kwa siku; mwaka jana alimleta wiki mbili baada ya kufungua, bila samahani wala sababu. Nilimwandika mzembe kichwani mwangu na sijaona cha kumfutia.


Alhamisi, 21 Agosti

Mavuno yameanza na joto limeanza nayo. Maganda ya vitunguu yanapeperuka mpaka darasani, watoto wanasoma huku wanatokwa machozi, ukiingia utadhani kuna msiba. Leo wamekosekana wanne. Wakili ni mmoja wao, kwa siku ya tatu.

Nikaenda mpaka mlango wa kiwanda cha kuchambulia. Nyapara alikuwa pale na orodha yake. Ni mtu wa kwetu huyu, tulikuja basi moja.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Karibu, ila usivuke mstari wa njano, sheria ya usalama."

"Marahaba. Mtoto wangu wa darasani yuko ndani?"

"Mimi simjui mtoto. Mimi namjua baba yake. Nafasi yake kwenye mkanda wa kuchambulia ni ya watu wawili, magunia mia na ishirini kwa zamu. Mkewe amekwenda nyumbani kujifungua. Anavyoyatimiza hayo magunia ni shauri lake."

"Asipoyatimiza?"

"Chumba kitapewa wengine. Foleni ya vyumba unaijua."

"Na wako yuko wapi, Nyapara?"

"Wangu anasoma shule ya bweni, nyumbani." Hakuona haya hata chembe. "Ndiyo maana mimi niko huku, mama."

Nimeandika hapa hapa nikiegemea ukuta wa kiwanda, saa nne na robo, maneno yakiwa bado ya moto.


Jumatatu, 1 Septemba

Nilimngoja baba yake Wakili njiani kutoka zamu ya asubuhi. Nikampa hesabu: siku ishirini za shule, binti amekosa sita. Akasikiliza huku anachomoa maganda kwenye kola ya shati.

"Nimesikia, dada."

"Kusikia siyo kitu. Utafanya nini?"

"Nitajaribu, dada."

Maneno manne. Amevuka kiwango chake.


Jumatano, 3 Septemba

Wakili amekuja. Macho mekundu, vidole vyeusi kwenye kucha. Kasinzia wakati wa sayansi. Mwalimu alimwacha.


Alhamisi, 11 Septemba

Kumi na mmoja kati ya kumi na watano. Joto. Chaki zimekwisha, tunaandikia vipande vya plasta ya ukuta.


Jumatano, 17 Septemba

Afisa wa ubalozi amekuja kukagua. Leso puani. Kahesabu vichwa, kumi na wanne na mmoja anaumwa, kapima nafasi kati ya makreti tunayokalia (sentimita tisini, nilikwisha kuzipima mwenyewe), kisha akaomba rejesta. Akaifungua taratibu, akaipitisha kidole safu kwa safu.

"Mama, rejesta hii ni safi kuliko za shule nyingi nyumbani. Nani anaijaza?"

"Mimi."

"Umesomea wapi?"

"Kwenye makreti."

Alicheka akidhani ni mzaha. Nitasema ukweli kwa kuwa hapa naandika mwenyewe: nilifurahi. Miaka hamsini na mitatu nimeishi na hakuna mwenye tai aliyewahi kusifu mwandiko wangu.

Alipokuwa anaondoka akasema, "Asipungue hata mmoja. Orodha ya watahiniwa inafungwa Ijumaa, tarehe 17 Oktoba, saa sita mchana. Ikishafungwa imefungwa, hata kuwe na nini. Kabla ya hapo, mmoja akipungua mikono yangu haimo."

Nikamwuliza habari ya madawati. Akatazama saa yake.


Ijumaa, 26 Septemba

Siku ya arobaini. Wakili: amekosa kumi na mbili. Hana tena. Anayemfuata ana tisa.

Upande wa magharibi limetokea wingu la kwanza. Kitunguu kilichovunwa kikinyeshewa ni mbolea, kwa hiyo kiwanda kimeongeza zamu na sauti ya mkanda haikatiki.


Jumanne, 30 Septemba

Saa mbili kasoro dakika tano, Wakili hayupo. Saa mbili na dakika kumi, hayupo. Getini wanataka karatasi saa mbili na nusu.

Ghalani tulikuwa na mtindo tuliouita kujaza mbele. Lori liko njiani na makreti mia tatu, meneja anataka hesabu sasa hivi. Unaandika mia tatu, lori likifika unahakikisha. Likipungua kreti moja, kesho linapatikana kwenye lori jingine. Miaka kumi na tisa nimejaza mbele na sijawahi kupoteza kreti.

Nikamwekea alama ya vema. Nikapeleka karatasi.

Hakuja kutwa nzima.


Jumatano, 1 Oktoba

Amekuja. Kreti limepatikana. Nilimkuta anamweleza mjukuu wangu kwa nini sehemu hugawanywa kwa kupinduliwa, na mjukuu wangu, ambaye mimi nimemweleza mara kumi nikashindwa, akaelewa. Mawingu yameshuka mpaka juu ya mabati.


Alhamisi, 2 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, saa kumi na moja jioni. Nitaandika kila kitu kwa mpango wake.

Saa mbili na dakika ishirini: Wakili hayupo. Nikajaza mbele. Karatasi ikafika getini saa mbili na dakika ishirini na saba, ikagongwa muhuri.

Saa nane mchana niliingia darasani kupima kama mvua itapenya dirishani. Nafasi yake tupu. Wengine kumi na wanne wapo.

Saa nane na nusu mvua ikaanza, matone makubwa ya kuhesabika, kisha yasiyohesabika. Huko kiwandani wakaongeza mwendo wa mkanda. Nilisikia; mtu aliyefanya kazi pale anasikia kama mama anavyosikia kikohozi cha mwanawe. Saa tisa na dakika tano sauti ikakatika ghafla. Mkanda haukatiki wakati wa mvua. Nikajua kuna mtu.

Nilikimbia kwenye tope na kandambili moja. Nyapara alikuwa mlangoni amepanua mikono kama mtu anayezuia kuku. Nikampita. Baba yake alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia binti kwa nyuma, na shati lake amelizungusha kwenye mkono wa kulia wa mtoto, shati lilikuwa jeupe. Kwenye roli, lile gurudumu linalozungusha mkanda, hakukuwa na kinga. Imetolewa ili kurahisisha kusafisha, mmoja wa akina mama akaninong'oneza, imetolewa tangu Agosti.

Wakili hakuwa analia. Alikuwa anasema: "Baba, nilivuta mkono. Baba, nilivuta, ila glavu haikuvutika." Alirudia na kurudia, kama anayejitetea mbele ya hakimu.

Daktari amesafisha na kushona. Kidole gumba kizima. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vimekatika kano, zile kamba za ndani zinazokunja kidole. Akatueleza kwa kuvuta kamba ya koti lake: ziungwe ndani ya wiki mbili, zaidi ya hapo zinajikunja ndani na kushika kovu. Wiki mbili ni tarehe 16.


Ijumaa, 3 Oktoba

Nyapara alikuja darasani, kofia mkononi. Hajawahi kuivua mbele yangu.

"Pole, Bi Mkubwa, kwa ajali ya mtoto hapa shuleni."

Sikumwelewa. Akanionyesha. Ilikuwa nakala ya karatasi yangu ya jana, muhuri wa geti, saa mbili na dakika ishirini na saba. Jina la Wakili, alama ya vema, mwandiko wangu ule uliosifiwa.

"Kampuni inasema mtoto alikuwa darasani, na wewe ndiye uliyeiambia. Kwa hiyo aliumia darasani. Labda mlango. Labda kreti."

"Ulikuwepo, Nyapara! Damu ilikuwa kwenye viatu vyako!"

"Mimi nina watoto wanne, mama." Akavaa kofia. "Na wewe una kumi na watano. Wapo kumi na watano, sivyo? Karatasi inasema."


Jumatatu, 6 Oktoba

Hospitali hii humpasua mtoto wa mtu wa msimu kwa njia moja tu: fomu ya ajali ya kazini, ya ofisi ya kazi. Ofisi ya kazi imeuliza kampuni. Kampuni imejibu kwa nakala ya karatasi yangu. Walioona kwa macho wako thelathini, na wote thelathini wana vyumba vya kampuni.

Nimemwambia Mwalimu nitakwenda kusema ukweli. Akafunga mlango kwanza.

"Mama, fikiri kwa hesabu, wewe ndiye unayependa hesabu. Ukisema rejesta ni ya uongo, siku ile moja inafuta rejesta nzima. Siku hizi za kuumwa zina barua ya daktari, hazihesabiwi; lakini ukisema, Wakili ana siku kumi na nne za kukosa. Anafutwa. Kituo kinafutwa. Watoto kumi na watano kwa vidole viwili."

"Vidole vya mtu, Mwalimu."

"Najua ni vya mtu. Nimemfundisha miaka miwili." Alikuwa analia. "Ngoja tarehe 17 tu. Orodha ikishafungwa, sema unavyotaka."

Tarehe 17. Na daktari amesema 16.

Siku moja!


Jumanne, 7 Oktoba

Baba yake Wakili amekuja kwangu. Hakukaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu yake tayari: nilikuonya, nilikupa hesabu, wewe ndiye uliyemsimamisha mtoto kwenye mkanda.

"Dada," akasema, "mimi nilimsimamisha pale. Hilo nitalibeba mwenyewe, sikupi. Nimekuja na swali moja. Siku ile binti yangu alikuwa wapi?"

Nikasema, "Unajua alikuwa wapi."

"Mimi najua. Daftari lako linajua?"

Nikamweleza yote: kumi na watano, tarehe, kufungwa kwa orodha. Alisikiliza vilevile kama siku ile ya njiani. Mwisho akauliza, "Na mjukuu wako yumo?"

"Yumo."

"Haya." Akashika mlango. "Nilitaka kujua tu nani anahesabiwa."

Maneno matatu kwa siku! Nimekuwa mjinga miezi kumi na minne. Yule mtu huwa anayapima.


Alhamisi, 9 Oktoba

Wazazi wamekutana darasani. Walikuja familia kumi na tatu. Hakuna aliyesema "nyamaza". Walisema "subira", walisema "Mungu atafungua njia", walisema "mtoto mwenyewe alikosa masomo". Mama mmoja alisema, "Mchuma janga hula na wa kwao, lakini sisi hatukuchuma." Wote wakanitazama.

Mvua kutwa. Hakuna aliyekosa. Tangu ajali hakuna mtoto aliyekosa hata siku moja isipokuwa mmoja.


Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua.


Jumatatu, 13 Oktoba

Simu mbili. Ya kwanza kwa afisa wa ubalozi: nikamwomba afunge orodha Jumatano badala ya Ijumaa.

"Kwa sababu gani, mama?"

"Sababu ni yangu."

"Tarehe imetoka makao makuu. Hata mimi siwezi kuisogeza kwa saa moja."

Ya pili hospitali. Nikangojeshwa dakika arobaini na moja. Nikamwuliza daktari kama tarehe 17 au 18 ni sawa na 16.

"Kila siku inayopita inapunguza."

"Inapunguza kiasi gani kwa siku? Asilimia ngapi?"

"Mama, mkono siyo ghala," akasema. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka.


Jumatano, 15 Oktoba

Nilikwenda kumwona Wakili chumbani kwao. Chumba cha mita tatu kwa tatu, magodoro mawili, nguo za mtoto mchanga ambaye hajafika zimekunjwa juu ya sanduku. Mkono umening'inizwa kwa kanga. Alikuwa anafanya mazoezi ya kuandika kwa kushoto kwenye upande wa nyuma wa mfuko wa saruji. Herufi zake zilikuwa zimelewa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mkono unaumaje?"

"Vidole viwili haviumi kabisa. Ndivyo vinavyonitisha." Kisha, bila kuinua macho: "Nimefanya hesabu. Ukisema kesho, watu kumi na watano hawafanyi mtihani. Usiposema, ni mmoja tu anayeumia. Mwalimu angesema jibu ni kunyamaza."

"Wewe unasemaje?"

Akafikiri. "Nasema inategemea."

"Inategemea nini, mwanangu?"

"Huyo mmoja ni nani." Akaendelea kuandika. "Angekuwa mjukuu wako ungeshakwenda."

Nimetembea kurudi nikihesabu hatua, mia sita na nane, ili nisifikiri.


Alhamisi, 16 Oktoba

Nitaliandika kama lilivyo, kwa kuwa daftari hili nililinunua ili watu wasikane.

Ushahidi ninao. Siyo rejesta, rejesta ni mwandiko wangu wa uongo. Ushahidi ni hili. Tarehe 2 Oktoba nimeandika humu, siku ileile, kwamba saa mbili na dakika ishirini hayupo na saa nane nafasi yake tupu. Nimeandika kinga ya roli. Tarehe 21 Agosti nimeandika maneno ya Nyapara, saa nne na robo. Nililitega kwa ajili ya wengine, likamnasa mwenye mtego.

Saa moja asubuhi nilivaa nguo ya kutokea, nikalitia daftari kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, nikaenda. Ofisi ya kazi inafunguliwa saa mbili. Nikafika saa mbili kasoro kumi. Watu sita mbele yangu. Saa tatu, watu wawili. Saa tatu na nusu karani akasema, "Anayefuata."

Nilimwambia mtu wa nyuma yangu apite.

Kisha yule aliyefuata. Kisha mwingine. Nilipitisha watu tisa. Nilikuwa nawaona: mjukuu wangu, yule mdogo mwenye kigugumizi, wale mapacha ambao baba yao amekufa hapa hapa shambani, mmoja mmoja, wameketi kwenye makreti sentimita tisini. Saa tisa karani akafunga dirisha. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi ya kazi saa saba na dakika kumi, na daftari mapajani.

Hakuna aliyenishika. Hakuna aliyenizuia. Nimejaza hili kwa mkono wangu.


Ijumaa, 17 Oktoba

Saa sita na dakika nne afisa alipiga simu: orodha imefungwa, watahiniwa kumi na watano.

Saa sita na dakika hamsini nilikuwa dirishani. Sikupitisha mtu. Karani alisoma kurasa nne, akaenda kumwita mkubwa wake, mkubwa akasoma, wakapiga nakala na kugonga muhuri kwenye daftari lenyewe, ukurasa wa tarehe 2. Akaniuliza, "Mbona hukuja jana? Hapa umeandika ulikuwepo."

Nikasema, "Nilikuwepo."

Akatia sahihi fomu.


Jumanne, 21 Oktoba

Wamempasua leo, saa nne mpaka saa saba kasoro robo. Siku ya kumi na tisa. Kidole cha kati kitakunja kidogo. Cha shahada, hapana. Nilimwuliza daktari kama ni kwa sababu ya kuchelewa. Hakusema ndiyo. Hakusema pia hapana. Akasema, "Tumefanya tulichokikuta."

Baba yake alikuwa kwenye benchi lilelile. Nikamsalimu. Akaitikia. Ndiyo yote.


Ijumaa, 24 Oktoba

Siku ya sitini. Kampuni imetia kufuli ghala. Mwalimu amerudi kwenye magunia. Nyapara hayupo tena, yasemekana amehamishiwa shamba jingine, cheo kilekile. Nimepewa siku thelathini kutoa chumba changu. Baba yake Wakili hawajamtoa. Ofisi ya kazi imeweka jina lake kwenye faili na sasa wanaogopa kumgusa. Faida ni hiyo moja, nimeitafuta nyingine sijaiona.

Ubalozi umeandika barua: mtihani utafanyika kwa kuwa orodha ilikwishafungwa, baada ya hapo kituo kimefutwa na mimi nisisimamie watoto tena. Wale wadogo kumi na sita watakwenda wapi, barua haisemi. Nimeisoma pande zote mbili.


Jumatatu, 3 Novemba

Uwanja wa nyuma ya vyumba vya wafanyakazi. Mvua imekatika tangu juzi, ardhi bado laini. Nimepanga makreti kumi na matano na mbao juu yake, sentimita tisini kila upande. Afisa wa ubalozi amekuja na bahasha zilizotiwa lakiri. Leo bila leso. Kwa mara ya mwisho akaniruhusu kuita majina.

Kufika saa mbili na nusu walikuwepo kumi na wanne. Mwisho wa kuingia ni saa tatu kasoro robo. Kreti la Wakili, la tatu kutoka mbele, tupu.

Saa tatu kasoro dakika ishirini afisa akaangalia saa. "Mweke tu, mama. Atakuja. Nataka kufungua bahasha."

"Sijazi."

"Ni alama moja tu."

"Nimesikia, bwana. Sijazi."

Nikaweka kalamu chini ili aone. Mjukuu wangu akaniangalia, kisha akaangalia njia. Wote kumi na wanne wakageuza shingo.

Saa tatu kasoro dakika kumi na saba walitokea kona ya mabafu, baba na binti, hawakimbii. Mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Baba akabaki penye kamba ya nguo. Wakili akaenda moja kwa moja kwa afisa.

"Shikamoo. Kanuni ya mtihani inampa mtahiniwa aliyeumia robo saa zaidi kwa kila karatasi. Nimeisoma. Iko nyuma ya fomu."

Afisa akapindua fomu. Akaisoma kwa mara ya kwanza, niliona. "Ndiyo. Ipo."

Akaketi. Akachukua penseli kwa kushoto. Nami nikaita jina lake, lile la vyeti, ambalo halijawahi kuandikwa humu na sitaliandika. Nilikuwa namwona, tuko hatua nne, lakini nikaita na nikangoja.

Alinitazama kama anavyolitazama swali la ubaoni.

"Nipo," akasema. "Sasa andika, maana safari hii umeniona."

Nikaandika. Saa tatu kasoro dakika kumi na sita.